Uchaguzi Utapita, Jirani Atabaki

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafanyabiashara na wahudumu wa boda boda, Kisumu)



Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kila kura ikikaribia, swali ninalosikia sokoni si nani atashinda. Ni hili: nianze kupunguza bidhaa lini?

Mji huu haukujengwa na kabila moja. Reli ilipofika mwaka 1901, ukiitwa Port Florence, ilikuja na mafundi na wenye maduka wa Kihindi. Wanubi wakakaa Kibos. Leo pale Kibuye, omena ya ziwani, viazi vya Bonde la Ufa, mboga za Vihiga na ndizi za Kisii hukutana meza moja.

Mwisho wa 2007 tuliona meza hiyo ikipinduliwa. Maduka yalichomwa na majirani wakafungasha. Nchini walikufa zaidi ya watu 1,100. Tume ya Waki ilionyesha kwamba hapa Nyanza wengi wa waliokufa walipigwa risasi. Hatuyasahau hayo. Lakini aliyechoma duka la jirani, kesho yake alitafuta unga asiupate.

Vijana wangu, kudai kura ihesabiwe kwa haki ni haki yenu. Ila muuza viazi si yeye aliyeihesabu kura yako.

Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Nasi serikali tuna wajibu: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ajira za ngazi ya chini ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Tuulizeni tunavyoitimiza.

Naomba mambo matatu. Ujumbe wa kutusi kabila ukifika kwenye simu yako, uishie hapo. Anayekuletea pesa ili umfukuze mtu, mripoti kwa chifu. Na jirani akianza kufungasha, usimwangalie tu. Mwulize kwa nini, umwambie abaki, na usiku huo ukae naye.