Afya ya Akili Ipangwe na Wenyeji
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nchini Kenya, sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu wa kufikisha huduma za afya hiyo mashinani. Lakini sheria haibishi hodi kwa mgonjwa. Anayebisha ni mhudumu wa afya ya jamii, jirani, imamu au mchungaji.

Harare, Zimbabwe, walilitambua hilo mapema: tangu 2006, mabibi waliofunzwa huwasikiliza wenye sonona kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakungoja hospitali mpya. Zahanati na mtaa vilishikana mikono.

Kaunti zinapopanga bajeti, ziwaketishe wahudumu wa jamii, majirani na viongozi wa dini mezani tangu mwanzo. Kuwaalika siku ya uzinduzi ni kuchelewa.