Nani Katika Nyumba Anahitaji Kuomba Uraia?

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa



Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu uraia ni la fedha: familia nzima italipa kiasi gani? Swali hilo hutangulizwa kabla ya jingine lenye uzito zaidi. Sheria ya Uraia wa Tanzania, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, haiitambui familia kama mwombaji mmoja. Humtazama baba peke yake, mama peke yake, na kila mtoto peke yake. Inawezekana kabisa watu watano wanaokula sahani moja wakawa na majibu matatu tofauti. Mkuu wa kaya anayekwenda ofisini na hesabu ya ada mara tano huenda akahangaikia kitu ambacho wanne kati yao wanacho tangu siku ya kuzaliwa.

Uraia wa Tanzania ni wa namna tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Ada kubwa inayozungumzwa vijiweni ni ya huo wa tatu. Uraia wa kuzaliwa na wa kurithi hauombwi kwa hisani ya mtu. Huthibitishwa kwa ushahidi. Basi kazi ya kwanza ya familia yoyote ni kujua nani yumo katika fungu lipi, na kazi hiyo hufanyika nyumbani, kabla ya kupanda gari.

Pande hizi jambo hili lina ugumu wake. Watu wa Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na Chiwanda wameoana na watu wa Likoma na Cobué tangu kabla ya kuwapo mipaka. Likoma ni kisiwa cha Malawi kilichozungukwa na maji ya Msumbiji, lakini tangu miaka ya 1880 kilikuwa makao ya misheni ya UMCA iliyohudumia pande zote za ziwa, na vijana wa mwambao huu walivuka kwenda kusoma huko. Baadaye zikaja vita za Msumbiji: ile ya ukombozi iliyoanza mwaka 1964, kisha ile ya wenyewe kwa wenyewe iliyokoma mwaka 1992. Wakimbizi walipokewa mkoani Ruvuma, katika makazi kama Lundo na Muhukuru. Wengi walirudi kwao. Wengine walioa, wakaolewa, wakalima, wakazeekea hapa. Ndiyo sababu mtu aliyezaliwa Nyasa au Mbinga huulizwa habari za babu yake anapojiandikisha kwa ajili ya kitambulisho cha Taifa. Swali hilo linaudhi, lakini lina jibu, na mwenye jibu mkononi hapotezi siku.

Uchukuliwe mfano wa mvuvi wa Liuli, raia wa kuzaliwa, aliyeoa mwanamke wa Likoma. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Likoma, ukweni. Wa pili na wa tatu walizaliwa hospitalini Liuli. Watoto wawili wa Liuli ni raia wa kuzaliwa. Yule wa Likoma ni raia wa kurithi, kwa kuwa siku aliyozaliwa baba yake alikuwa raia asiye wa kurithi. Katika nyumba hiyo ya watu watano, anayehitaji kuomba ni mmoja tu, naye ni mama.

Mtoto wa Likoma ana mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, urithi wa uraia haupiti vizazi viwili nje ya nchi. Akikua, akapata mtoto wake Likoma na mwenzi asiye Mtanzania, mtoto huyo hataurithi uraia wa Tanzania, maana mzazi aliye raia wa kurithi hamrithishi mtoto aliyezaliwa ng'ambo. Pili, kama Malawi nayo inamhesabu kuwa wake, sheria ya Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima: akifikisha miaka 18 hutakiwa kuukana ule mwingine ili abaki na wa Tanzania. Wazazi wengi hulijua hili kijana anapotafuta pasipoti, wakati tayari amekwisha kupita umri.

Mama wa nyumba hii ana njia yake. Ndoa haimpi mwanamke uraia yenyewe, hata kama amekaa miaka 30 na kuzika wakwe. Lakini sheria inampa mke wa raia haki ya kuomba tajnisi bila kungoja masharti yote ya muda yanayomkabili mgeni mwingine. Kuna maneno machache katika kifungu hicho yasiyosomwa kwa makini: haki hiyo ipo wakati wa uhai wa mume. Ziwa Nyasa lina upepo wa mwera na mawimbi yake, na wajane wa wavuvi wapo katika kila kijiji cha mwambao. Mama aliyeahirisha maombi msimu hadi msimu kwa sababu ya ada, akafiwa, hurudishwa katika mstari wa wageni wote. Kama nyumba ina fedha za kutosha kwa jambo moja tu mwaka huu, hilo ndilo la kufanywa kwanza.

Sasa mfano ugeuzwe: mwanamke wa Chiwanda, raia wa kuzaliwa, ameolewa na mwanamume wa Msumbiji. Wapo wanaoamini bado kwamba mtoto hufuata uraia wa baba tu. Huo ulikuwa utaratibu wa sheria za mwanzo wa uhuru kwa watoto waliozaliwa nje. Sheria ya mwaka 1995 inasema baba au mama. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Cobué kwa mama huyo baada ya sheria hiyo ni raia wa kurithi kama angalivyokuwa kwa baba Mtanzania. Mume, kwa upande wake, hapati mlango ule anaopewa mke. Sheria haikuwatazama wawili hawa kwa jicho moja, na ni halali kwa wananchi kulisema hilo kwa wawakilishi wao. Kwa sasa mume huyo hupimwa kama mgeni yeyote.

Vipimo vya mgeni yeyote ni hivi. Awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza kiasi cha kutosha. Awe na tabia njema. Awe na mchango kwa uchumi, elimu au utamaduni wa Taifa. Na akusudie kuendelea kuishi nchini. Kiswahili hakijawahi kumshinda mtu wa mwambao. Kinachowashinda wengi ni kuthibitisha miaka: aliyeishi bila kibali cha ukaazi hana karatasi ya kuonyesha. Aidha, mwombaji hutangaza kusudio lake magazetini, na maombi hupitia kamati za ulinzi na usalama za wilaya na mkoa kabla ya kumfikia Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Waziri halazimiki kutoa sababu za kukataa, na sheria haikuacha nafasi ya rufaa. Kwa hiyo maombi yenye kasoro si jambo la kujaribia bahati.

Lipo fungu la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: baba na mama wote walikuja kutoka ng'ambo, watoto wakazaliwa hapa. Maneno ya kifungu cha 5 ni mapana, yakimtaja kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi. Mezani, hata hivyo, maofisa huuliza uraia wa wazazi, na asiye na mzazi raia hatambuliwi kwa kuzaliwa peke yake. Kwa nyumba kama hiyo mpangilio wa maombi una maana kubwa. Mzazi akishapata tajnisi, anaweza kumwombea mtoto aliye chini ya miaka 18. Mtoto haingii uraiani kwa kuburutwa na cheti cha baba, lazima aombewe. Akifikisha 18 kabla ya hapo, huwa mwombaji kamili, mwenye masharti yake na ada yake. Basi nyumba yenye kijana wa miaka 15 haina miaka mingi ya kufikiri.

Habari husikika kwamba Serikali imewahi kuwapa watu uraia kwa makundi. Ni kweli. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa, zaidi ya watu 162,000, na Wasomali wenye asili ya Kizigua waliopokewa Chogo mkoani Tanga walipewa kwa ada iliyopunguzwa sana. Hayo yalikuwa maamuzi ya Serikali kwa makundi yaliyoorodheshwa. Kishoka anayepita vijijini akikusanya fedha ili aandike majina katika orodha ya namna hiyo hana orodha yoyote.

Kuhusu viwango vyenyewe, vimo katika jedwali la kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo, na hubadilishwa kwa tangazo la Serikali. Jedwali la kusomwa ni la siku ya kulipa, katika ofisi ya Uhamiaji, si kumbukumbu ya jirani aliyeomba zamani. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa Serikali, kupitia benki au simu. Mwombaji ahesabu pia picha, matangazo ya magazeti na nauli: kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66, na ofisi ya mkoa iko mbele zaidi, Songea.

Wanaothibitisha uraia walionao wana mzigo mwepesi. Mtoto aliye chini ya miaka 5 husajiliwa na kupewa cheti cha kuzaliwa bila malipo katika ofisi ya kata au kituo cha afya. Kitambulisho cha Taifa cha mara ya kwanza hakilipiwi. Wazee ndio wenye kazi ya kutafuta. Kwa aliyezaliwa kabla ya uhuru, kinachoangaliwa ni kwamba alizaliwa Tanganyika na angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Ushahidi wa jambo hilo mara nyingi haumo serikalini bali katika daftari za ubatizo za misheni: za Waanglikana huko Liuli, za Wakatoliki katika parokia za Umatengo zilizoanzishwa na Wabenediktini wa Peramiho. Cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi na viapo vya ndugu waliomtangulia umri husaidia kupata cheti cha kuzaliwa kwa aliyechelewa kusajiliwa. Daftari za zamani zinachakaa, na majina ndani yake yameandikwa kwa tahajia za mapadre wa kigeni. Ni vyema mzee mwenyewe aende, akiwa bado anakumbuka jina alilobatizwa nalo na mwaka wa njaa au wa mafuriko aliozaliwa, pamoja na mjukuu anayeweza kusoma mwandiko huo.