Msitu na Msumeno Uasin Gishu

Serikali ya kikoloni ya Waingereza nchini Kenya iliunda Idara ya Misitu mwaka 1902. Miaka michache tu baadaye, serikali ileile ya kikoloni ilimpa mlowezi Ewart Grogan haki ya kukata miti katika msitu mkubwa karibu na Eldama Ravine. Makaburu, walowezi kutoka Afrika Kusini, walihamia Uasin Gishu mwaka 1908. Reli ikafika Eldoret mwaka 1924, na mbao za mtarakwa zikapata soko la mbali.

Palipokatwa miti, mipya ilipandwa kwa jasho la vibarua Waafrika. Chini ya mfumo wa shamba, ulioanza mwaka 1910, walilima mahindi na maharagwe kati ya miche, wakaipalilia, kisha miche ilipokua wakaondolewa. Hiyo ilikuwa dhuluma. Wenyeji wa misitu nao waliguswa: Msitu wa Embobut katika Milima ya Cherangani, makao ya jamii ya Wasengwer, ulitangazwa hifadhi mwaka 1954.