Akisema "Nzuri Tu", Muulizeni Tena

Hotuba iliyosomwa na muuguzi mmoja kwa niaba ya wenzake, hafla ya Siku ya Uhuru, 9 Desemba

 

Sisi wauguzi wa jumuiya hii tuliombwa tuseme na vijana kuhusu sayansi. Tuanzie chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye handaki la CERN lenye mzunguko wa kilomita 27. Humo mafungu ya protoni hukutana mara milioni 40 kwa sekunde. Vigunduzi hutoa ishara ndogo mno za umeme. Saketi huzikuza, huzigeuza tarakimu, na kuzishikilia kidogo huku zikiamua: hii ibaki, hii itupwe.

Kuhifadhi zote haiwezekani. Katika vigunduzi vya ATLAS na CMS, saketi za hatua ya kwanza hubakiza takriban matukio 100,000 kwa sekunde, kisha kompyuta huyachuja tena. Kinachotupwa hakirudi. Ndiyo maana wataalamu huhifadhi pia matukio machache bila kuyachagua, ili waone chujio lao linapoteza nini.

Sisi nasi ni chujio. Kwenye kitengo cha dharura tunaamua nani aonwe sasa, nani asubiri. Siku moja alikuja mzee wa kwetu. Tulimuuliza kwa Kiingereza anajisikiaje. Akajibu kwa adabu aliyolelewa nayo: mzima tu, mwili umechoka kidogo. Tukamwandika asubiri. Tulipopita tena kuwatazama wanaosubiri, tulimkuta amelowa jasho la baridi. Kumbe ni moyo. Alipona, lakini tuliomwacha kwenye benchi ni sisi, tunaojua kwamba kwetu mtu hujibu "nzuri" kwanza, ndipo aseme ugonjwa.

Watoto wetu, ninyi ndio mnaowasindikiza bibi na babu hospitalini na kuwatafsiria. Msitafsiri "nzuri tu" mkaishia hapo. Ulizeni tena kwa Kiswahili: panauma wapi, tangu lini, unapumua vizuri? Kisha mwambieni muuguzi yote, hata mnayoyaona madogo. Kiswahili chenu kinaweza kuokoa mtu.

Nanyi wazee wetu, tunawaomba: mbele ya muuguzi, salamu ikishaisha, semeni panapouma.

Na kijana anayependa hesabu na umeme, asiogope: saketi hizo zimetengenezwa na watu waliowahi kukaa darasani kama yeye.

 Heri ya Siku ya Uhuru.