Mashine Haifi kwa Kadi Moja

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, bwaloni)



Niliombwa niseme juu ya "Maendeleo ya Teknolojia na Kijana wa Leo". Kichwa hicho ni kikubwa mno, na mtu akikianza atasema mpaka chai ipoe. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti nikipunguze. Nitasema juu ya kitu kimoja kinachoenea katika kiganja cha mtoto, nacho ni kadi inayoiwezesha kompyuta mpakato kushika mtandao bila waya. Nitaeleza jinsi inavyofungwa na jinsi inavyowekwa tayari kwa kazi. Na kwa kuwa nasimama mbele ya watu wa nyumbani, nitaeleza pia jinsi kutoijua kadi hiyo kulivyonifanya nitie saini mahali ambapo sikustahili kuitia.

Ndugu Mwenyekiti, miaka michache iliyopita niliteuliwa kuongoza kamati ya watu watatu ya kukagua mali chakavu ofisini kwetu. Katika orodha tuliyopewa zilikuwamo kompyuta mpakato 11. Mbele ya kila moja yameandikwa maneno yale yale: "Haishiki mtandao. Mbovu." Sisi wajumbe watatu tulikuwa na shahada, kila mmoja na yake. Bisibisi hatukuwa nayo hata moja. Tuliziwasha, tukaona kweli hazishiki mtandao, tukapendekeza ziuzwe mnadani. Saini ya kwanza katika karatasi ile ni yangu. Ukaguzi wote haukufika nusu saa.

Mashine zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ofisini tukabaki na upungufu, na mwisho wa mwezi watumishi wakawa wanapanga foleni mbele ya kompyuta mbili ili wapeleke taarifa zao. Wananchi waliokuja kufuata majibu ya barua zao waliambiwa warudi kesho, na kesho yake wakaambiwa hivyo hivyo. Mimi nililaumu bajeti.

Mwaka uliofuata kompyuta yangu mwenyewe ilipata ugonjwa ule ule. Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi, mwenye meza yake karibu na stendi ya mabasi. Kijana akaniamkia, akanipa kigoda. Nilipokaa nikaona juu ya meza yake kompyuta inayofanya kazi vizuri, na ubavuni mwake namba ya rangi nyeupe iliyokwanguliwa nusu. Namba ile niliijua, maana niliisoma mwenyewe siku ya ukaguzi.

Nikamwuliza hii ilikuwa na tatizo gani. Akanijibu: "Hii, mzee, haikuwa na tatizo. Swichi ya ubavuni ilikuwa imezimwa tu."

Alikuwa amenunua nne kati ya zile 11. Mbili zilikuwa zimezimwa swichi. Ya tatu ilikosa programu ya kuiendesha kadi. Ya nne ndiyo peke yake iliyokuwa na kadi iliyokufa, naye alibadilisha kadi hiyo kwa Sh. 25,000. Sikumwambia siku ile kwamba saini ni yangu. Nilimwambia Jumamosi ya tatu, kwa maana nilirudi kwake Jumamosi tatu mfululizo nikamwomba anifundishe. Kuuliza si ujinga, na umri wangu haukunizuia. Haya nitakayoyasema sasa mengi nimeyapata mezani kwake.

Jambo la kwanza ni kuchunguza kabla ya kufungua. Kompyuta isiposhika mtandao, usianze na bisibisi. Tazama ubavuni na mbele kama kuna swichi ndogo ya kusukuma, kwa maana mashine nyingi za zamani zinayo. Tazama vitufe vya juu vya kicharazio kama kuna kimoja chenye alama ya mnara au ya ndege, kwa kuwa hicho nacho huzima na kuwasha redio ya mtandao. Halafu tazama kama mashine za wenzako zinaushika mtandao huo huo. Kama nazo hazishiki, basi kompyuta yako haina kosa, na anayetakiwa kuchunguzwa ni ruta.

Baada ya hapo fungua orodha ya vifaa. Katika Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya kuanzia, nawe utaiona orodha hiyo katika majina yatakayojitokeza. Kadi ikiwamo lakini ina alama ya njano ya mshangao, aghalabu kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta namna ya kusema na kadi yake. Kadi isipoonekana kabisa, hapo ndipo unapoweza kushuku kwamba imelegea, imezimwa katika mipangilio ya mwanzo ya mashine, au imekufa.

Jambo la pili ni kuijua kadi kabla ya kuinunua. Kanuni ya kimataifa ya mitandao hii, iitwayo 802.11, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997. Tangu hapo imekuwa ikiongezewa herufi: b mwaka 1999, g mwaka 2003, n mwaka 2009, ac mwaka 2013, na ax mwaka 2021. Herufi hizo zitakuambia kasi ya kadi na masafa inayotumia. Kadi za b na g hutumia masafa ya 2.4 GHz tu. Ukiipeleka mbele ya ruta inayotoa 5 GHz peke yake, haitauona mtandao hata ukiiweka mgongoni mwa ruta, nawe utaitupa bure. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi, lakini yale ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi. Kwa majengo yetu haya ya kuta nene, msiyadharau ya 2.4.

Umbo nalo lina maana. Kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitumia kadi za Mini PCI. Zikafuata za Mini PCI Express, zenye upana wa milimita 30, ambazo ziko ndefu za kama milimita 51 na fupi za kama milimita 27. Za siku hizi huitwa M.2, na nyingi zina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Ya aina moja haiingii katika nafasi ya nyingine.

Hata hivyo, kuingia si kufanya kazi. Mimi mwenyewe, baada ya kujiona nimekwisha kuwa fundi, nilinunua kadi ya Intel AX201 nikaifunga katika kompyuta yenye prosesa ya AMD. Iliingia barabara na skrubu ikakaza, lakini mashine haikuiona. Kadi ile imeundwa ifanye kazi na mashine za Intel zilizotayarishwa kwa ajili yake, kwa sababu sehemu ya kazi yake hufanywa ndani ya chipu za mashine yenyewe. Ndugu yake, AX200, ndiyo niliyoihitaji, na tofauti yao machoni ni tarakimu moja. Nilipoteza fedha yangu kwa kutosoma tarakimu moja. Tena ziko kompyuta ambazo mtengenezaji wake ameziwekea orodha ya kadi zinazokubaliwa, na ukiweka nyingine zinakataa hata kuwaka. Kwa hiyo andikeni namba ya kompyuta na namba ya kadi ya zamani, kisha mwulize muuzaji kwa karatasi mkononi.

Jambo la tatu ni kufungua. Zima kompyuta kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja. Toa betri, na kama betri iko ndani, chomoa kiunganishi chake kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma, kwa sababu mwili wako unaweza kubeba umeme mdogo usiousikia, nao unatosha kuua chipu. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa kufuata mahali zilikotoka, maana hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kilicho chini yake.

Kadi utaiona ina nyaya mbili nyembamba zilizobanwa juu yake, mara nyingi mmoja mweusi na mmoja mweupe. Hizo ni antena. Zinapita kwenye bawaba na kupanda mpaka pembeni mwa kioo. Hapa namkumbuka mwalimu wetu wa Fizikia wa miaka ile ya mwisho ya 1990. Wale wa rika langu mnakumbuka alivyotufungulia redio ya bweni iliyokuwa imenyamaza muhula mzima. Hakuturuhusu kugusa waya wowote kabla ya kuuchora. "Chora kwanza, kisha shika," alisema, na asiyechora alitolewa nje ya maabara. Basi nanyi chora waya upi uko upande upi, au piga picha kwa simu kama mnayo. Kisha nyanyua kila kiunganishi taratibu, wima, kwa ukucha au kwa kitu kisicho cha chuma. Usivute kwa waya, utakatika, na kubadilisha antena ni kazi kubwa kuliko kubadilisha kadi.

Toa skrubu ya kadi, nayo itajiinua yenyewe kwa mshazari. Itoe. Ingiza mpya kwa mshazari ule ule, ukilinganisha pengo lake na kizuizi kilichomo katika nafasi yake. Isipoingia usiilazimishe, itazame tena. Ilaze, kaza skrubu bila kutumia nguvu nyingi, kisha rudisha nyaya kwa kubonyeza moja kwa moja mpaka usikie mlio mdogo. Ukisahau nyaya hizi, kadi itaonekana kwenye orodha vizuri kabisa, lakini itaushika mtandao ukiwa umekaa karibu na ruta, nawe ukihama kidogo inakata.

Jambo la nne ni draiva. Mara nyingi Windows za siku hizi na Linux huitambua kadi zenyewe. Zisipoitambua, utakuwa katika hali ya mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba: unahitaji mtandao ili upate programu itakayokupa mtandao. Usihangaike. Chukua programu hiyo kwa kompyuta nyingine, kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi, uilete kwa flashi. Au unganisha mashine na ruta kwa waya. Au chomeka simu kwa waya wa USB uikopeshe kompyuta mtandao wa simu.

Jambo la tano ni kuingia mtandaoni. Chagua jina la mtandao, andika neno la siri, na hakikisha ruta inatumia ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ulinzi wa zamani wa WEP ulijulikana kuwa dhaifu tangu mwaka 2001, na kuutumia leo ni sawa na kufunga mlango kwa uzi. Na kama kompyuta imeshika mtandao lakini kurasa nyingi zinakataa kufunguka, tazama saa na tarehe. Mashine ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi nyuma miaka mingi, nazo kurasa zenye ulinzi hazikubali mgeni aliyepotea tarehe.

Ndugu Mwenyekiti, huenda wako watakaoniuliza kama hakuna kidude cha USB cha kuchomeka tu bila kufungua kitu. Kipo, nacho ni dawa nzuri kwa mtu mwenye haraka. Lakini kidude hicho nacho kinahitaji mtu aliyejua kwanza kwamba kilichokufa ni kadi. Sisi wajumbe watatu hatukukosa fedha ya kidude. Tulikosa swali.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikamweleza yote, na nikaandika barua. Mashine zile hazikurudi. Lakini tangu siku ile, katika ofisi yetu hakuna kompyuta inayoandikwa "mbovu" bila karatasi inayoonyesha kwamba swichi, draiva, kadi na antena vimeangaliwa kwa zamu, na jina la aliyeangalia. Nawaonya pia wadogo zangu: mali ya umma haifunguliwi bila ruhusa ya anayehusika, hata kama unajua. Ujuzi haukupi haki ya kukiuka utaratibu.

Sasa namalizia. Chama chetu leo kinakabidhi kwa shule kompyuta mpakato 12 zilizotumika, kwa ajili ya maktaba. Nakiri mbele yenu kwamba saba kati yake hazishiki mtandao. Tungeweza kuzitengeneza kabla ya kuzileta. Tumeziacha hivyo kwa makusudi, na Mkuu wa Shule ameridhia. Katika sanduku lile mna bisibisi, kadi za aina tatu, na daftari moja. Baada ya chai, wanafunzi sita wa Kidato cha Tatu watakaa nami katika maabara ya Fizikia. Kila watakachokiona watakiandika katika daftari hilo, nalo litabaki hapa shuleni kwa watakaowafuata.

Huenda siku moja mmoja wenu akawekwa katika kamati kama ile yangu, akapewa kalamu. Akumbuke kutazama swichi kwanza.