TUFUATE MWENENDO WA NANI?
Mafundisho juu ya vijana wetu na wanamuziki wenye majina makubwa

Masomo: Waebrania 13:7, 1 Samweli 16:14-23, 1 Samweli 18:6-9, Amosi 6:1-7



Somo la leo limeombwa na vijana wenyewe. Wanakwaya wametuuliza: «Mchungaji, ni dhambi kumpenda mwanamuziki wa dunia? Wazee wanasema miziki ile ni ya shetani, lakini siku ya harusi tunawaona wao pia wanatikisa kichwa.» Wazee wangu, msikasirike. Mtoto ameuliza kweli, na mtoto anayeuliza ni bora kuliko mtoto anayejificha na telefone chini ya blanketi.

Jibu langu nalisema mapema. Kipawa cha mwanamuziki tunaweza kukisifu. Bidii yake tunaweza kujifunza. Lakini maisha ya mtu usiyemjua usiyafanye kuwa njia yako. Sasa tulipime jibu hili kwa Neno la Mungu.

1. Muziki wenyewe haukulaaniwa

Fungueni Mwanzo, sura ya 4. Katika ukoo wa Kaini alizaliwa Yubali, na Biblia inamtaja kuwa baba wa wote wanaopiga kinubi na filimbi. Mungu hakutuma moto juu ya kinubi chake. Lakini katika sura hiyo hiyo yuko Lameki, baba yake Yubali. Huyu aliwaimbia wake zake wawili wimbo wa kujisifu kwamba ameua mtu, tena kwamba kisasi chake kitapita kisasi cha Kaini. Mnaona? Ndani ya nyumba moja kulikuwa na chombo kizuri na wimbo mbaya. Makosa hayakuwa ya zile nyuzi. Yalikuwa katika moyo wa mwenye kuimba.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba gita ni mali ya shetani. Na nchi yetu isione haya juu ya muziki wake. Mwezi wa 12 mwaka 2021 Unesco iliiandika rumba ya Kongo, ya kwetu na ya ndugu zetu wa Brazzaville, katika urithi wa dunia nzima. Ni heshima. Lakini kuheshimu muziki ni jambo moja, na kumfuata mpiga muziki katika njia zake zote ni jambo lingine.

2. Tazameni mwisho wa mwenendo

Waebrania 13:7 inatupa kipimo. Inatuomba tuwakumbuke wale waliotuongoza katika Neno, tuangalie mwenendo wao ulifika wapi, ndipo tuige imani yao. Angalia kwanza, iga baadaye. Vijana wengi wanafanya kinyume: wanaiga leo, wataangalia kesho.

Tumtwae Papa Wemba. Huyu si mtu wa mbali. Alizaliwa Lubefu, katika Sankuru, jirani zetu wa upande wa magharibi. Mama yake alijulikana kwa kuimba kwenye matanga, na yeye mwenyewe katika ujana aliimba katika kwaya ya kanisa. Mwaka 1969 alikuwa kati ya walioanzisha Zaiko Langa Langa, na mwaka 1977 akaanzisha kundi lake, Viva la Musica. Sauti ile Mungu ndiye aliyempa. Na alifanya kazi kwa nguvu: alikufa tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2016, jukwaani pale Abidjan, mbele ya watu, akiwa na miaka 66. Kijana mvivu, usimtaje Papa Wemba kama hutaki kufanya mazoezi.

Lakini tusome na ukurasa wa pili. Mwaka 2003 alikamatwa kule Ufaransa, akakaa gerezani miezi kadhaa, na mwaka 2004 mahakama ikamhukumu juu ya kuwaingiza watu Ulaya kwa njia isiyo halali, wakijifanya watu wa kundi la muziki. Watu wa namna ile Kinshasa iliwaita ngulu, maana yake nguruwe. Fikirini! Kijana wa Kongo anatafuta maisha, na jina analopewa safarini ni nguruwe. Baadaye Papa Wemba mwenyewe alisema kwamba kule gerezani Mungu alimtembelea. Hatumhukumu, hukumu ni ya Mungu. Ila nakuuliza wewe uliyebandika picha yake ukutani: umebandika yupi? Mwenye mavazi ya bei kubwa, ao yule aliyekaa peke yake katika chumba cha gereza akimtafuta Mungu? Huyu wa pili angekufundisha zaidi, lakini picha yake haiuzwi sokoni.

Tena tuko na Koffi Olomidé. Mwezi wa 7 mwaka 2016, uwanja wa ndege wa Nairobi, video ilimwonyesha akirusha teke kwa mwanamke wa kundi lake. Kenya ilimfukuza, na baadaye aliomba msamaha mbele ya watu. Sisemi hili ili tumtukane. Nasema kwa sababu nimesikia kwa masikio yangu kijana akicheka: «Mkubwa anaweza kufanya vile.» Hapo ndipo hatari iko. Mtoto hakuiga sauti, aliiga teke.

Na Franco Luambo, ambaye wazee wetu wanampenda mpaka leo? Mwaka 1978 alifungwa kwa sababu ya nyimbo chafu. Mwaka 1987 mdomo ule ule ulitoa wimbo wa kuonya taifa juu ya ugonjwa wa sida, na wengi walisikia onyo hilo kwake kabla ya kulisikia kwa daktari. Miaka miwili baadaye akafariki. Yakobo sura ya 3 inashangaa juu ya chemchemi inayotoa maji matamu na maji machungu kwa tundu moja. Mtu wa kijiji anafanya nini akikuta chemchemi ya namna hiyo? Hawezi kunywa akiwa amefumba macho. Anaonja, anachagua, anatafuta chanzo safi.

Mtu atasema: Mchungaji, hata Daudi alikuwa mwanamuziki na alianguka. Ni kweli! Mpiga kinubi mkuu wa Biblia alimtwaa Bathsheba na kumwua mume wake. Biblia haikuficha. Lakini kulikuwa na Nathani aliyeingia kwa mfalme na kumwambia kwamba mtu yule ni wewe, na Daudi akalia, akatubu. Wanamuziki wetu wana mashabiki maelfu. Nathani wao ni nani? Mtu ambaye kila mmoja anampigia makofi na hakuna anayemkemea yuko katika hatari, na wanaomfuata nyuma wako katika hatari ile ile.

Na kipimo hiki ni kwa waimbaji wa nyimbo za Mungu pia. Kutaja jina la Yesu mbele ya kipaza sauti hakutoshi. Ndugu mwimbaji, wanaokaa nawe nyumbani wanasema nini juu yako?

3. Nyimbo zinazouza majina

Mnajua desturi ya kutupa libanga. Mwenye feza anamlipa mwanamuziki, na jina lake linatajwa katikati ya wimbo: mfanyabiashara fulani, mkubwa fulani. Libanga ni jiwe, na kweli ni jiwe, maana linapiga watu kichwani. Mtoto wa Kabambare asiyejua jina la babu yake anayajua kwa kichwa majina ya matajiri wa Kinshasa ambao hawajui kwamba Kabambare iko.

Biblia inaijua hatari hii. Katika 1 Samweli 18 wanawake walitoka na matari wakaimba majina mawili: Sauli walimhesabia maelfu, Daudi makumi ya maelfu. Ulikuwa wimbo wa furaha. Lakini tangu siku ile Sauli alimtazama Daudi kwa jicho baya, na mkuki ukaanza kuruka ndani ya nyumba. Sifa ya watu ilimlevya mfalme mzima. Je, haitamlevya kijana wa miaka 18?

Tunawaona wanaotoka katika mashimo ya zahabu ya Salamabila. Kijana amechimba miezi, amekunywa vumbi, ameponea chupuchupu udongo usimwangukie. Anakuja na gramu zake, na usiku mmoja zinakwisha ili jina lake litangazwe katika vipaza sauti vya baa. Asubuhi hana nauli. Jina lilisikika dakika moja tu, na mama yake anangoja chumvi.

Na mavazi je? Kijana mmoja wa kwaya aliiuza baiskeli ya baba yake, ile baba anayosukuma na mizigo ya mawese na mchele, ili anunue viatu kama alivyoona katika video. Wazee walitaka afukuzwe katika kwaya mara moja. Niliwaomba tukae naye kwanza. Alilia, na baba yake alimsamehe. Lakini baiskeli haijarudi, na baba sasa anabeba mizigo kwa mgongo. Vijana, angalieni bei. Mwanamuziki yule amelipwa avae viatu vile. Wewe unalipa, tena unalipa kwa mgongo wa baba yako.

4. Yusufu amevunjika

Nabii Amosi, sura ya 6, aliwaona watu waliolala katika vitanda vya pembe, wakila wana-kondoo, wakitunga vyombo vya muziki kama Daudi. Mungu aliwakasirikia kwa sababu gani? Si kwa sababu ya vile vinanda. Ni kwa sababu hawakuhuzunika juu ya kuvunjika kwa Yusufu. Walikuwa na kinubi cha Daudi, hawakuwa na moyo wake.

Wapendwa, Yusufu wetu amevunjika. Katika teritware ya Kabambare watu wamekimbia bunduki, wamelala porini na watoto, wamerudi na kukuta nyumba ni majivu. Walimu wanafundisha bila mshahara wa kutosha. Njia zetu mnazijua. Mwenye kuimba juu ya magari na wanawake tu, wakati huu, anamsaidia nani kulia? Na sisi kanisa, je? Kwaya yetu ikifanya mazoezi wiki tatu juu ya sare mpya na isimtembelee hata mjane mmoja aliyekimbia vita, Amosi anasema na sisi.

5. Basi tufanye nini?

Wazazi, msivunje telefone ya mtoto. Kaeni naye, muulize: wimbo huu unasema nini? Watoto wengi hapa wanaimba Lingala wasiyoielewa. Mtafute mtu anayeijua lugha, awafasirie. Mara nyingi mtoto akijua maneno yenyewe ataona haya kuyaimba mbele ya mama yake, na hutahitaji fimbo. Pengine pia atakuta wimbo unaofundisha kweli. Basi mwambie huo ni mzuri, ili ajue kwamba husemi kwa chuki.

Viongozi wa kanisa, Sauli alipotafuta mpiga kinubi, Daudi alisifiwa kwamba anajua kupiga, ni hodari, ana busara ya maneno, na Bwana yuko pamoja naye. Mambo yote pamoja. Tuwafundishe vijana gita vizuri, na pia tuwafundishe kunena kwa hekima na kutunza feza. Kijana asiyepata nafasi nyumbani ataitafuta kwa jirani.

Na ninyi vijana, mkitaka mtu wa kumfuata, ulizeni maswali matatu. Je, ninaona maisha yake ya kila siku, ao ninaona video tu? Je, njia yake inafika wapi? Je, ananivuta kwake, ao ananipeleka kwa Kristo? Paulo alithubutu kuwaambia Wakorinto wamfuate, lakini kwa sharti moja, kwamba yeye mwenyewe anamfuata Kristo.

Ukiuliza hivyo utashangaa, maana wa kufuatwa wako karibu. Yuko mama anayeuza mihogo sokoni na watoto watano wamesoma. Yuko muuguzi aliyebaki na wagonjwa siku wengine walipokimbia. Hakuna anayewatupia libanga. Lakini majina yao yanajulikana mbinguni.

Tuombe. Baba, asante kwa sauti na kwa mikono inayojua kupiga vyombo. Uwakumbuke wanamuziki wa nchi yetu, uwatumie Nathani wao, uwape toba. Uwalinde vijana wa Kasongo na wa Kabambare, mjini na mashimoni. Na sisi wazazi na wachungaji, utusaidie tuishi maisha ambayo mtoto akiyafuata hatapotea. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.