Maji Laini ya Meru: Povu la Sabuni na Meno ya Watoto



Ukipanda gari Arusha kuelekea Moshi, utapita Tengeru, kisha Usa River, halafu kondakta ataita, "Maji ya Chai, wa kushuka!" Ni mji mdogo ubavuni mwa Mlima Meru, nao umepewa jina na mto wenye maji ya rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Waliolitoa jina walitumia macho, na macho yana mpaka. Kinachoyatia ukahawia meno ya watoto wengi waliokulia ukanda huo hakina rangi wala harufu. Ni floraidi, nayo huweza kuwamo hata katika maji maangavu ya bombani.

Wengi wenu mmelelewa na maji ya pwani, basi nianzie huko. Visima vya Unguja na Mombasa vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa. Maji yake ni magumu: sabuni huliwa bure kabla haijatoa povu, birika huota utando mweupe, na maharage hukaa jikoni mpaka mkaa unakwisha. Kwa vipimo vya kawaida, maji yenye chini ya miligramu 60 za chokaa kwa lita huitwa laini. Yakivuka 120 ni magumu. Mtu wa pwani akifua nguo zake kwa maji ya Meru, povu humfurika mikononi. Anafurahi, na papo hapo anaamua kuwa maji ya mlimani ni mazuri.

Hapo nataka tukae kidogo. Meru ni volkano. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Miamba yake ina sodiamu na floraidi kwa wingi, na mvua inayopenya humo huviyeyusha vyote viwili. Maji hayo yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, kalsiamu ingeshikana na floraidi, vikagandamana kuwa madini magumu na kubaki ardhini. Lakini kalsiamu ni haba. Ulaini ule ule tunaoushangilia kwenye beseni ndio unaoiacha floraidi huru mpaka kikombeni. Si kila chemchemi iko hivyo, na chemchemi mbili jirani zaweza kutofautiana sana. Ndiyo maana mjadala wa jumla kuhusu "maji ya Meru" hauna faida kama hakuna kipimo cha kila chanzo.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia 4 kabla ya kushuka hadi 1.5, na sababu yake haikuwa ujinga: vyanzo vingi vya kaskazini vingefungwa, na watu wangekunywa nini? Wenzetu nao walichelewa. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, mji mwingine wa mlimani, huko Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia menoni. Mpaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipoibaini floraidi majini.

Jikoni kuna mawili ya kusahihisha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki huzidi kukolea. La pili ni magadi. Kwa maji magumu, bibi zetu walijua wanachofanya: magadi huitoa kalsiamu majini, makande yakaiva upesi. Lakini magadi ya kaskazini huweza kubeba floraidi yake mwenyewe, na kuyatia katika maji ambayo tayari ni laini ni kuongeza mzigo bila haja.

Dawa moja iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Swali la kwanza la watu huwa ni mifupa ya mnyama gani, na amechinjwa na nani. Ni swali halali, na lijibiwe kabla chujio halijafika kijijini. Madini ya mfupa ni ndugu ya madini ya jino: yote huivuta floraidi. Chujio linaipokea kabla jino la mtoto halijaipokea.

Familia haihitaji kusafisha maji ya kufulia. Inahitaji ndoo moja au mbili kwa siku, za kunywea na kupikia, kwanza kwa watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Ugumu uko kwingine. Chujio la mchanga likichoka huziba, na kila mtu huona. Mkaa wa mifupa ukishiba floraidi, maji huendelea kutiririka vilevile, maangavu vilevile, na sabuni hutoa povu vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chujio, naomba halmashauri na kamati za maji ziulize nani atapima, baada ya wiki ngapi, na mkaa mpya utatoka wapi.